Sakafu ya Tisa

Ukitaka kujua umri wa sakafu ya udongo, ikate wima kama mkate, kisha utazame ubavu wake. Nimewaambia hivyo wanafunzi wangu wa kidato cha pili mara nyingi, na kila mara wako wanaocheka, kwa sababu wamekulia juu ya sakafu hizo na hawajawahi kuzifikiria kuwa na umri. Nawaacha wacheke kwanza. Halafu nawaeleza pole pole.

Sakafu inayosiribwa haiondolewi. Mpya huwekwa juu ya kuukuu. Kila wiki mwanamke huchanganya udongo na mavi ya ng'ombe, akapaka ganda jembamba, na ganda hilo huliwa na nyayo na ufagio kabla wiki haijaisha. Lakini kila baada ya miaka michache, sakafu ikishafanya mashimo, huwekwa tabaka nene la vidole viwili, na hilo ndilo hubaki. Kwa hiyo nyumba iliyosiribwa kwa miaka sitini ina chini yake sakafu ishirini au zaidi, moja juu ya nyingine, na kila moja ina wanawake wake.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha historia na dini katika shule moja ya wasichana nje kidogo ya mji wa Migori, na wakati wa likizo nilikuwa nikisoma shahada ya pili Nairobi. Somo langu lilikuwa akiolojia ya Ukristo wa mwanzo, yaani kuwatafuta Wakristo wa kwanza kwa kutazama vitu walivyoviacha: kuta zao, taa zao, makaburi yao, mahali walipokalia. Katika chumba cha walimu nilichekwa kwa jambo hilo kuliko jambo lingine lolote.

"Yaani umeacha kuolewa ili usomee makaburi ya Wazungu," mwalimu wa hesabu aliniambia siku moja tukinywa chai.

"Si Wazungu. Wengi walikuwa watu wa Syria, wa Misri, wa kaskazini mwa Afrika."

"Makaburi ya Waarabu basi."

"Na si makaburi tu. Nyumba pia."

"Nyumba," alisema, akawageukia wenzake. "Huyu ana yake inavuja, lakini anasomea za wengine."

Nilicheka nao. Nyumba yangu ilikuwa inavuja kweli. Lakini kulikuwa na nyumba moja ambayo nilikuwa nikiiwaza hata nikiwa nasahihisha madaftari. Nilikuwa nimeiona katika kitabu cha maktaba kule Nairobi, picha nyeusi na nyeupe. Iko ukingoni mwa jangwa la Syria, katika mji wa kale karibu na mto mkubwa. Ilikuwa nyumba ya kawaida, ya familia ya kawaida, wakati ambapo Wakristo walikuwa hawajaanza kujenga makanisa. Wakakutania humo. Walipozidi kuongezeka wakavunja ukuta uliotenganisha vyumba viwili, wakapata ukumbi mmoja. Baadaye mji ulipotaka kuvamiwa, wenyeji waliifukia nyumba hiyo kwa udongo ili kuimarisha ukuta wa mji. Na kule kufukiwa ndiko kulikoihifadhi hadi ilipochimbuliwa.

Niliitazama ile picha mpaka msimamizi wa maktaba akanijua. Nilitamani kwenda kusimama pale ukuta ulipokuwa, mguu mmoja chumba cha kwanza, mguu mwingine chumba cha pili. Sijui jinsi ya kuieleza hamu ile. Ilikuwa kama hamu ya kurudi mahali, na mimi sikuwa nimewahi kufika.

Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba nilikuwa nimelelewa katika nyumba ya namna hiyo hiyo.

Ng'ambo ya Rangwe, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabara ya Homa Bay, ndiko kulikokuwa na boma la nyanya yangu mzaa baba. Tulimwita Dani, kama nyanya wote wanavyoitwa kwetu. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu. Baba alioa tena akahamia Oyugis, nami nikabaki kwa Dani mpaka nilipoenda shule ya bweni. Katika boma hilo, kando ya nyumba aliyolala, kulikuwa na nyumba ndefu ya udongo iliyoitwa nyumba ya sala. Mama mkwe wake Dani alikuwa miongoni mwa waumini wa kwanza wa sehemu ile, na watu walisali kwake miaka mingi kabla kanisa la mawe halijajengwa sokoni. Dani alishika Sabato. Kila Ijumaa, kabla jua halijatua, aliisiriba nyumba ile, ingawa siku hizo waliosali humo walikuwa yeye na wazee wenzake wawili, wasioweza tena kupanda mpaka sokoni.

Katikati ya nyumba ya sala sakafu ilikuwa na kibonde chembamba kilichotoka ukuta hadi ukuta. Nikiwa mtoto nilikuwa nikiviringisha gololi humo. Siku moja maktabani, mbele ya ile picha ya Syria, nilikikumbuka kibonde hicho na mikono ikaniwasha. Lilikuwa kovu la ukuta.

Nilimweleza profesa wangu, mtu mpole aliyezoea kusikiliza huku macho ameyafumba. Aliyafumbua. Aliniambia kwamba chuo kimoja cha Ulaya, katika mji ambao Wakristo wa kwanza wamezikwa chini ya barabara zake, kilikuwa na nafasi moja ya udaktari kwa mwanafunzi kutoka Afrika. Nafasi hiyo ingenipeleka kwenye kuta na makaburi yenyewe, na hatimaye Syria. Walichotaka ni ripoti ya uchimbaji mdogo wa mtu mwenyewe, pamoja na mchoro wa ubavu wa shimo, kutoka sakafu ya juu hadi udongo ambao haujaguswa na mtu.

"Hadi chini kabisa," alisema. "Mchoro ukiishia katikati ni kama barua isiyokuwa na sahihi."

Kwangu jambo lilikuwa wazi. Dani alisema kwamba alipoolewa ukuta tayari haukuwepo. Nikichimba juu ya lile kovu, sakafu za juu zingepita moja kwa moja bila kukatika, na za chini, zile za kabla ya Dani, zingeishia kwenye kisiki cha ukuta. Hapo ningekuwa nimeonyesha kwamba watu wetu walifanya kile kile walichofanya wale wa Syria, bila kuambiwa na mtu. Na ningekwenda. Ripoti ilipaswa kufika Nairobi kabla likizo ya Agosti haijaisha.

Kwanza nilimwomba ruhusa Dani. Tulikuwa tunaongea Kijaluo, naandika hapa kwa Kiswahili.

"Unataka kuvunja sakafu nzima ili uione iliyoharibika?" aliniuliza.

"Ndiyo, Dani."

"Huko chuoni ndivyo wanavyowafundisha?"

"Ndiyo."

"Nyathina," alisema, yaani mtoto wangu, "mimi nilikusomesha ili uache kushika udongo." Kisha akaenda kunitafutia jembe.

Wa kunisaidia alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini hivi, mchimbaji wa dhahabu kutoka Masara. Mvua ilikuwa imejaza maji mashimo yao, naye alikuwa akingoja yakauke. Alikuwa Mkuria, kwa hiyo na Dani waliongea Kiswahili cha sokoni. Dani alimtazama akija, mgongo umepinda kwa miaka ya kuinama chini ya ardhi.

"Huyu anatembea kama mtu amepoteza kitu chini," aliniambia kwa Kijaluo. Kisha akamgeukia. "Wewe mtu ya Masara. Hii nyumba watu waliokokea ndani yake. Chimba pole pole."

"Nitachimba kama natoa mtoto kitandani bila kumwamsha, mama."

Alikuwa fundi kweli. Mimi nilikuwa nimefundishwa kutumia mwiko wa mwashi na brashi, yeye alikuwa anajua udongo kwa kidole tu. Tulipima mstatili, mita mbili kwa moja, ukikatiza lile kovu na upande mmoja ukiingia chini ya benchi ya ukutani. Alikata kingo zake zikanyooka kama za sanduku. Nilizisifu. Sikufikiria zaidi ya hapo.

"Hapa hakuna dhahabu, mwalimu," alisema asubuhi ya kwanza.

"Najua."

"Nakwambia mapema, usije ukanilaumu. Unatafuta nini?"

"Sakafu."

Akatazama alipokuwa amesimama. "Si hii hapa?"

"Iliyo chini yake."

"Na chini ya hiyo?"

"Nyingine."

Alifikiri kidogo. "Basi ni kama sisi," alisema. "Ila sisi tukishapata tunaondoka."

Tulikwenda sakafu moja kwa siku, wakati mwingine mbili. Kila moja niliipiga picha kwa kamera niliyoazima shuleni, nikaichora, nikaandika rangi yake na unene wake, ndipo tukaikata. Hili nataka lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo lililokuja kunisumbua. Katika kazi yetu huwezi kushuka bila kuharibu. Ili uione sakafu ya nane lazima uiondoe ya saba, na ukishaiondoa haipo tena popote isipokuwa katika daftari lako. Ndiyo maana picha hupigwa kwanza.

Alhamisi ya wiki ya pili, mchana, yule fundi alitia mwiko chini ya sakafu ya nane upande wa benchi, na kipande kikubwa kikabanduka kizima, kama chapati inayotoka kwenye kikaango. Chini yake sakafu ya tisa ilikuwa na alama za vidole. Mahali pale nyayo hazikuwa zimefika, wala ufagio haukupita vizuri, kwa hiyo alama zilikuwa zimebaki kama zilivyoachwa.

Mwanamke anaposiriba huchora matao kwa kiganja, moja kando ya lingine, akirudi nyuma kuelekea mlangoni. Mwisho wa kila tao, pale mkono unapoinuka, vidole huacha kijimkia. Nilikuwa nimesiriba nyumba hiyo tangu nikiwa na miaka saba. Vijimkia vyangu viko kulia. Vya Dani viko kulia. Hivi vilikuwa kushoto.

Nilimwita Dani. Alikuja akijifuta mikono, akaniambia nimshike, akashuka ndani ya shimo lililokuwa halijafika hata magotini, akapiga magoti. Aliweka mkono wake wa kulia juu ya tao moja. Haukukaa. Akaweka wa kushoto.

"Huyu ni mama yako," alisema.

Yule fundi alivua kofia.

"Nilimwambia, msichana, mkono wa kushoto si wa kusiriba nyumba ya Mungu. Akaniambia, mama, Mungu ndiye aliyenipa huu." Dani alicheka peke yake. "Alikuwa mbishi sana. Angalia hapa, ona matao yalivyo mafupi. Alikuwa anasiriba ameketi. Tumbo lilikuwa limemzidi, magoti hayawezi." Akanitazama. "Nawe ulikuwepo."

Mama yangu hakuwahi kupigwa picha. Nguo zake ziligawiwa ndugu zake, kama ilivyo desturi yetu, na vyombo vyake vilikwenda vilikokwenda. Sura yake siijui. Nilikuwa nimekubali hivyo zamani, kama mtu anavyokubali urefu wake. Sasa nilikuwa nimechuchumaa mbele ya vidole vitano vyake, na kidole kidogo kilikuwa kimepinda kuelekea ndani kama changu.

Filamu ya kamera ilikuwa imekwisha kwenye sakafu ya nane.

Niliamua Ijumaa asubuhi niende Homa Bay nikanunue nyingine. Sakafu hii nilitaka kuipiga picha nyingi, nyingine za ripoti na nyingine zangu, kabla hatujaikata. Yule fundi naye alikwenda kwao Masara, kwa kuwa Jumamosi hakuna aliyefanya kazi bomani kwa Dani. Nililifunika shimo kwa gunia moja, nikaona inatosha.

Mjini, mwenye duka la kamera alikuwa Mwislamu aliyetoka pwani miaka mingi nyuma. Nilimkuta amefunga kwa ajili ya sala ya Ijumaa, nikangoja kibarazani huku upepo wa ziwani ukileta harufu ya omena, dagaa wa kwetu. Aliporudi alitikisa kichwa.

"Nyeusi na nyeupe, dada? Siku hizi nani anapiga?"

"Mimi."

"Watu wote wanataka rangi."

"Wangu hawana rangi."

Aliniahidi kuileta kutoka Kisumu, Jumapili asubuhi ingekuwa dukani. Nililala kwa rafiki yangu niliyesoma naye, nikangoja siku mbili kwa furaha ambayo sikuwa nimewahi kuwa nayo na sijawa nayo tena. Jumamosi nilitembea kando ya ziwa nikijiona niko Ulaya, nikijiona niko Syria, mguu mmoja huku na mwingine kule. Na katika kila mahali nilipojiona, mkoba wangu ulikuwa na picha ya mkono wa mama.

Jumapili alasiri nilifika bomani. Harufu niliyokutana nayo mlangoni ndiyo iliyoniambia, harufu ya samadi mbichi na udongo. Nyumba ya sala ilikuwa tupu na safi. Sakafu ilikuwa imesawazika kutoka ukuta hadi ukuta, na mahali palipokuwa na shimo palikuwa na rangi nyeusi zaidi kwa sababu unyevu ulikuwa bado haujakauka.

Dani alikuwa ameketi nje akichagua maharagwe kwenye ungo.

"Dani, shimo liko wapi?"

"Tumelizika."

"Mmelizika?"

"Ulichimba kitu cha urefu wa mtu, upana wa mtu, ndani ya nyumba, na udongo umelundikwa kando. Halafu ukaenda Homa Bay." Hakuwa na hasira. Alikuwa ananieleza, kama ninavyowaeleza wanafunzi. "Sabato inaingia na kaburi liko wazi halina mtu. Wewe ungefanyaje?"

Ningefanya alivyofanya. Nilikuwa mtoto wa pale pale, nilijua kwamba kaburi likishachimbwa halilali wazi, na kwamba kama hakuna wa kulazwa ndani, basi hulazwa mgomba badala ya mtu, ndipo likafukiwa. Nilijua tangu utotoni. Lakini kwa wiki mbili nilikuwa nimelitazama shimo lile kwa macho ya chuo, nikaona kingo zilizonyooka, nikazisifu.

"Mmeweka mgomba?"

"Mzuri. Wazee wenzangu walikuja, tukaulaza, tukaimba wimbo mmoja. Halafu nikasiriba." Alitupa punje mbovu moja pembeni. "Mwenzangu mmoja alilia. Nilimwambia, unalia nini na huyu ni mgomba? Akasema wimbo ule ndio ulioimbwa kwa mume wake."

Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Aliweka ungo chini, akaniita nikae karibu naye.

Jumatatu yule fundi alirudi. Alitazama sakafu, akanitazama, akakuna kichwa.

"Mimi nililiona kama kaburi siku ile ya kwanza," alisema. "Nilidhani umeshaongea na nyanya yako."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiye mwalimu." Alipiga sakafu kwa kisigino, akasikiliza. "Bado laini. Mgomba hauna uzito. Saa sita mchana tutakuwa tumerudi kwenye ya tisa. Jumatano ya wiki ijayo tuko chini kabisa. Unawahi Nairobi."

Alikuwa sawa. Siku zilitosha kabisa. Nilimwendea Dani jikoni.

"Sikukatazi," alisema kabla sijamaliza. "Nyumba ni yako pia. Lakini hilo sasa limezikwa. Ukilifungua, uniambie ni nani atalala humo. Mimi namwamini Mungu, siogopi mgomba. Ila mkubwa katika boma hili ni mimi, na majirani watanitazama mimi."

Nilikwenda nikaketi kwenye benchi ya nyumba ya sala, miguu yangu juu ya ule weusi. Nilikaa hapo mpaka adhuhuri. Nilijiambia yale yote ambayo ningemwambia mwanafunzi: kwamba nafasi ni moja, kwamba Dani hajakataza, kwamba elimu nayo ni heshima kwa waliotutangulia. Yote yalikuwa kweli. Lakini pia nilijua kwamba kufungua ni mwanzo tu. Nikishafungua na kupiga picha zangu, ningemwambia yule fundi atie mwiko chini ya sakafu ya tisa, kwa sababu chuo kile kilitaka mchoro uende hadi chini, na njia ya kwenda chini ilipita katikati ya mkono wa mama yangu.

Niliikumbuka nyumba ya Syria. Wenyeji waliifukia, na kwa kuwa waliifukia, ipo.

Nilimwambia fundi aende akapumzike. Alisafisha miiko yangu yote miwili, akaipanga kama mtu anayepanga vijiko baada ya wageni.

Hadi leo sijui kwa hakika kama siku ile nilimheshimu Dani au nilijificha nyuma yake. Napenda kufikiri ni la kwanza. Vijana wakiniuliza kuhusu maamuzi magumu huwaambia wasiharakishe kujisifu wala kujilaumu, nami najaribu kuufuata ushauri wangu mwenyewe.

Nilituma ripoti ikiwa na sakafu nane zilizokamilika na ya tisa kwa maelezo tu, bila picha. Niliandika sababu bila kuficha. Jibu lilikuja kupitia kwa profesa baada ya miezi kadhaa. Wale wa Ulaya waliisifu kazi, hasa maelezo ya namna ya kusoma alama za mikono, wakasema kwamba kwa kuwa chini hakukufikiwa, jambo la ukuta halikuthibitishwa. Nafasi walikuwa wamempa mwingine. Profesa aliongeza mstari wake mwenyewe kwa kalamu: nimalize mwaka ujao, kisha tujaribu tena.

Mwaka uliofuata Dani alifariki. Bomani hakukuwa tena na mwanamke wa kusiriba wala mtu wa kuezeka, na nyumba ya sala ikaachwa ianguke yenyewe, kama zinavyoachwa nyumba za watu walioondoka. Mvua mbili zilitosha. Sasa hapo ni tuta refu la nyasi, na mbuzi wanapenda kulala juu yake kwa sababu hukauka mapema.

Syria sijafika. Niliendelea kufundisha Migori. Ule mchoro ninao, umekunjwa mara nne, na nauonyesha darasani tunapofika kwenye Wakristo wa kwanza. Kwa juu kuna mistari minane iliyotiwa wino, halafu mmoja wa penseli, halafu karatasi nyeupe hadi ukingoni. Kila mwaka yuko mwanafunzi anayeuliza, "Mwalimu, huku chini kuna nini?" Namwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba swali lake ni zuri.

Lakini ninachokitamani zaidi ni Ijumaa ile ya mwisho ya Agosti, siku moja kabla sijarudi shuleni. Udongo wa shimo ulikuwa umeanza kutulia na sakafu ikapasuka, ufa ukafuata kingo zote nne, zilizonyooka. Dani alichanganya ndoo nzima akaniita. Tulipiga magoti bega kwa bega, tukaanza ukutani, kwenye benchi, tukawa tunarudi nyuma.

Nilipofika pale juu ya matao ya mama, nilibadilisha mkono. Nilichovya wa kushoto, nikavuta tao la kwanza. Lilitoka limepinda vibaya.

"Unaharibu," Dani alisema.

"Nitarekebisha."

Nilivuta la pili, na la tatu. Udongo ulikuwa na uvuguvugu wa jua, na kidole changu kidogo kilikwenda ndani kila mara, hata nilipokinyoosha. Dani alisogea pembeni akaniachia nafasi, akaendelea na upande wake.

"Usiketi," alisema baada ya muda, bila kunitazama. "Yeye alikuwa na sababu."